Chiriku wa Uani

Kipupwe kilipokaribia kwisha, kila asubuhi Mwanapili alining'iniza kifuu cha mtama uani, akajibanza na kamera yake nyuma ya kanga zilizoanikwa. Picha za ndege alizipeleka chumbani kwa wifi yake Zuhura, ambaye tangu amzike mwanawe hakuwa ametoka nje. Zuhura alizitazama moja moja, kisha akageukia ukutani.

Asubuhi moja ya ukungu alisema, "Wifi, ndege wako wazuri. Lakini hawana sauti."

Mwanapili alirudi uani, akalisukuma dirisha la Zuhura likafunguka, akaiweka kamera juu ya kigoda na kungoja. Chiriku wa manjano akashuka. Mtama hakuutazama; alitua juu ya kamera yenyewe akaimba, kifua kikimtetemeka, na Mwanapili akabaki ameduwaa, hana cha kumpigia picha.

"Usimfukuze," sauti ilisema nyuma yake.

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, miguu peku, akipepesa macho kama aliyetoka usingizini. Aliingia ukunguni taratibu, akachota mtama wa kifuuni kiganjani, akaunyoosha mkono. Chiriku aliacha kuimba, akainamisha kichwa upande, akautazama.