Wimbo wa Kukamulia

Tangu serikali ya kaunti iliponunua ranchi yetu kwa pesa za umma, kila mkazi wa kata hupewa siku moja kwa mwaka ya kuwa mwenye ranchi. Leo ilikuwa zamu yangu. Lango lilisoma kiganja changu na kusema, "Karibu nyumbani, mwenye ranchi," kwa sauti ile ile iliyomkaribisha muuza mitumba jana.

Nilikwenda moja kwa moja zizini. Madoa, ng'ombe niliyempokea kwa mikono yangu siku aliyozaliwa, alinitazama kana kwamba nimekuja kusoma mita. Nikachuchumaa, nikamwimbia wimbo ambao marehemu mama aliwaimbia ng'ombe wakati wa kukamua. Hakutoa hata tone.

"Huo hawaujui tena, mama," alisema Lemayian, mchungaji aliyeajiriwa na kaunti. "Wamezoea wa Kathure."

"Kathure gani?"

"Yule mwenye saluni. Watu wasioweza kuja humpa siku zao. Mwezi huu amekuja mara tisa."

Mara tisa. Mimi niliyezaliwa hapa nasubiri mwaka mzima. Nilikinusa kibuyu cha maziwa. Kathure alikuwa amekifukiza kwa moshi wa mti nisioujua, na kilinukia vizuri kuliko vya mama. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jioni zamu yangu ingeisha na lango lingenitoa.

"Nifundishe huo wimbo," nilimwambia Lemayian.

Akauimba taratibu. Nikaurudia huku nimekunja uso. Madoa akafumba macho, na maziwa yakashuka.