Punje za Mkufu wa Mama

Mkufu ulipotolewa kwenye kitambaa, kaka yangu Swaleh alikuja juu. "Wa mama ulikuwa unamfika kitovuni! Huu hata shingoni hautoshi."

Macho yote yakanigeukia mimi, niliyemuuguza mama hapa Bugene mpaka akafariki.

Shehe, aliyekuja kutugawia mirathi, akausogeza mkufu dirishani. Ulikuwa wa dhahabu, umeungwa kwa vipande vidogo vyenye umbo la punje za kahawa. Punje ya mwisho ilikuwa na alama ya koleo.

"Zaka yake alikuwa anaitoaje?" akauliza.

"Fedha hakuwa nayo, Shehe," nikasema. "Kila Ramadhani alikata punje, akaifunga kwenye jani kavu la mgomba, akaondoka nayo. Miaka yote nilimuuliza anampelekea nani. Alicheka tu."

Shehe akatabasamu. "Basi haikupotea. Mradi hakumpa mwanawe, maana mwana wa kumzaa hapewi zaka."

Kaka akaanza kukikunja haraka kile kitambaa cha mkufu.

Mkewe, aliyekaa kando yake, akavuta mtandio kufunika masikio. Lakini nilikuwa nimeshaziona punje mbili za kahawa zikining'inia.