Maji ya Kando ya Kitanda

Siku hizi maji hutunza sauti. Kila nyumba hapa mjini yenye mgonjwa mahututi huweka bakuli la maji kando ya kitanda. Akifariki, bakuli hupelekwa maabara, vipimo vikasoma mawimbi yaliyobaki ndani yake, na jamaa wakasikia maneno yake ya mwisho.

Mbwana alifariki mkewe, Salha, akiwa ametoka kumwita daktari. Hakuwepo mtu mwingine chumbani, ila bakuli.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, Salha aliingia kulichukua. Lilikuwa tupu. Mama mkwe wake, Bi Mize, aliyefika asubuhi ile kutoka shamba, alikuwa akitandika mswala, mikono ikimchuruzika maji.

“Mama, maji yaliyokuwa humu yako wapi?”

“Nimetawadhia, mwanangu. Bombani yamekatika, nami nataka kumwombea Mbwana.” Bi Mize alimtazama usoni. “Kwani yalikuwa ya nini?”

Salha alilirudisha bakuli mahali pake.

“Yalikuwa maji tu, mama.”

Kisha akaishika ile mikono kabla haijakauka, akaiweka masikioni mwake, akafumba macho.