Usimwache Mgeni na Pikapu

"Unaishi na nani hapa, mzee?" mgeni aliuliza, akiligonga tairi la pikapu kwa ncha ya buti.

Orville Stensrud akamkazia macho. Swali gani hilo la mtu aliyekuja kununua gari? "Na farasi wangu," akajibu.

Juniper alikuwa akichungulia kwenye dirisha la zizi. Farasi huyo aliachwa na Solveig, marehemu binti wa Orville, na kwa ajili yake pikapu ilikuwa inauzwa, mpya hivyo, haijamaliza hata mwaka. Bila majani makavu ya kutosha, farasi asingeuona mwisho wa baridi ya Montana.

"Naye anauzwa?"

"Hauzwi hata kwa dawa!"

Mgeni akacheka. Alijiita Kip; shemeji yake, alisema, ndiye aliyemshusha njia panda. Akaomba kuijaribu pikapu.

Asubuhi Lavonne, jirani wa Orville, alikuwa amemwonya kwa simu: "Orville, ole wako ukimpa mtu ufunguo aende peke yake. Hutaiona tena. Panda naye!" Basi akapanda, akafunga mkanda.

Kip hakuelekea mjini. Alikata kushoto, akashika barabara ya changarawe ya milimani, kusiko na nyumba wala mtu. Simu yake ikalia. "Niko naye," akasema. "Dakika kumi."

Ee Mungu wangu, leo naachwa mtaroni, Orville aliwaza. Akashika kitasa cha mlango. "Turudi, kijana."

"Mbona una wasiwasi, mzee? Injini inavuta vizuri. Tufike pale juu tu."

Huko juu Kip alizima gari, akatazama saa. Orville akafumba macho, akaomba. Simu ikalia tena.

"Sawa," Kip akasema, akageuza gari.

Pikapu ilirudi uani bila hata mkwaruzo. Kip alimkabidhi ufunguo kwa adabu. "Ngoja nizungumze na mke wangu, mzee." Akaondoka kwa miguu kuelekea njia panda.

Orville aliegemea boneti, akajicheka mpaka machozi yakamlengalenga. Woga gani huu wa kizee! Akampigia Lavonne. "Ipo! Sikumwacha nayo hata dakika moja!"

Kisha akatoa karoti mfukoni, akamwita Juniper.

Dirishani hapakuwa na kitu. Mlango wa zizi ulikuwa wazi, na kwenye tope alama mbichi za magurudumu ya trela zilielekea njia panda.