Kifungo cha Kamanda Radi

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Generose alijitanua mlangoni kwa makusudi.

Siku zote milango aliipita kiubavu, madaftari yamekumbatiwa kifuani, tumbo limevutwa ndani, kana kwamba anauomba ukuta radhi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mabega ya wapakuaji mizigo wa bandari ya Kalundu. Shuleni, Candide, mwembamba kama samaki ndagala aliyekaushwa, alimpa jina la Kamio, yaani lori. "Kamio inapita, mufunge macho, vumbi hiyo," alizoea kusema, na darasa zima likafumba macho. Kila mwaka mama yake, Honorine, aliifumua sare ya binti yake na kuipanua, na kila mwaka Generose alikililia kile kipande cha kitambaa kilichoongezwa.

Leo mlango ulikuwa mwembamba, yeye mpana, na nyuma yake kulikuwa na cherehani.

Mbele yake, katika ua ulioteremka hadi ziwani, lilisimama kundi la waasi na Kamanda Radi.

Kamanda huyo Uvira nzima ilimjua kwa sifa tangu waasi wauteke mji. Mdogo wa umbo, kofia imeshuka mpaka masikioni, koti la kijeshi limefungwa hadi kidevuni hata jua likichemsha ziwa. Ndevu hakuwa nazo: watu walisema zimeunguzwa na moto wa vita. Sauti ilikwaruza: watu walisema ni moshi wa mabomu. Na kifungo kimoja cha koti, pale kifuani, hakikuwepo. Hicho kiling'olewa na risasi, nayo risasi ikageuka maji hapo hapo, ikamtiririkia mpaka kwenye buti. Mzee mmoja wa mtaa wa Kimanga aliapa kwamba maji hayo aliyaona, tena yalikuwa ya vuguvugu.

Wiki hiyo Kamanda alishapita hapo mara mbili. Aliitazama cherehani, akawatazama vijana wake waliomfuata kama mkia, akakohoa, akaenda zake. Leo alitoa amri.

"Mubebe mashini, tunaipeleka kambini Bwegera. Mama atakuja nayo, atembee mwenyewe. Hakuna kumugusa."

Hilo la kutogusa halikuwa adabu. Wapiganaji walikuwa wamenyunyiziwa dawa ya kuzuia risasi, na dawa ina masharti. Mwanamume akiguswa na mwanamke, dawa imekwisha, risasi itamkuta mtu wa kawaida. Na tena, ni mwiko kumgeuzia adui mgongo.

Ndani, Honorine alikuwa ameishika cherehani kama mtoto mwenye homa. Mumewe alivuka kwenda Bujumbura kutafuta chumvi, njia ikafungwa nyuma yake. Tangu hapo cherehani ndiyo iliyokuwa baba wa nyumba. Ikienda Bwegera, na mama nyuma yake, wadogo zake Generose wangelishwa na nani?

"Weye mutoto, toka ku mulango," alisema kijana wa mbele, mrefu, mwenye mkuki.

"Sitoki."

"Basi sogea kando, tupite."

"Kando iko wapi?" alisema Generose. "Miye ndiye mulango."

Mmoja wa nyuma alicheka puani. Mwenye mkuki akanyoosha mkono amsukume, akakumbuka, akaurudisha upesi kama aliyegusa sufuria jikoni.

Generose aliuona mkono ule ukirudi. Akaufikiria kidogo. Kisha akafungua mikono yake yote miwili, na ilikuwa mikono kweli kweli, Mungu hakumbania, akapiga hatua mbele.

"Karibuni, kaka zangu," alisema. "Mumetoka mbali. Nianze kukumbatia nani?"

Waasi walirudi nyuma. Kukimbia hawakuweza, mwiko wa mgongo uliwakataza. Basi wakaenda kinyumenyume, wakikanyagana visigino, naye akiwafuata mikono wazi kama padri siku ya Pasaka. Wawili walikalia beseni la ndagala la jirani. Mmoja alimkalia kuku aliyeatamia, na kuku hakujua habari za dawa. Yule wa mkuki alirudi nyuma kwa utii mpaka akaingia ziwani, maji yakamfika kiunoni, yakamfika kwapani, bado anamtazama adui usoni.

"Ile haiko mutoto," alisema mmoja kutoka ndani ya beseni. "Ile ni kamio."

Ajabu, jina lile safari hii lilimwingia Generose kama asali.

Aligeuka akicheka. Kicheko kikakatika. Kamanda Radi alikuwa amesimama pale pale karibu na mlango, hakusogea hata unyayo, na sasa mlango ulikuwa mtupu.

Generose alirudi mbio, mikono wazi.

"Nitakugusa," alisema. "Dawa itakwisha."

"Gusa."

Akamshika bega. Kamanda hakushtuka. Alichungulia ziwani, akachungulia kwenye beseni, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kisha akaingia ndani, akasimama mbele ya cherehani, akavua kofia. Misuko ya nywele, mirefu, iliyosukwa vizuri, ikamwangukia mabegani.

"Mama," alisema, na sauti haikukwaruza tena, "mashini ibaki. Naomba unipanulie hii koti ku kifua, kabla kifungo kingine hakijaruka. Na weye, dada, rudi ku mulango, simama vile ulikuwa umesimama. Usijipunguze hata kidogo."