Moja ya Mkononi

Siwatu alikuwa amebakiza dakika tano za usaili wa kazi, na programu yake ilikuwa bado inagoma. Alitakiwa kujumlisha namba ndefu kupita kiasi, zilizoandikwa kinyumenyume: mamoja mbele, makumi yakifuata. Kila alipozigeuza, kompyuta ilielemewa.

Mkono wake ukaingia mkobani, ukapapasa ukili wa mkeka aliokuwa akisuka barazani akisubiri kuitwa. Hivi ukili nao hugeuzwa? Si huongezewa miyaa ya ukindu tu, ukarefuka kule unakoelekea?

Akafuta kila kitu. "Tisa na moja, kumi," alinong'ona akiandika upya. "Weka sifuri, moja mkononi, songa mbele."

Bwana Mshangama, msaili wake, akaijaribu: tisa milioni moja zilizofuatana, ongeza moja. Akainamia skrini.

"Mbona sifuri tupu, dada?"

"Mamoja yametangulia, bwana. Shuka mpaka mwisho, moja iko huko."

"Umeiona?"

"Sijaiona. Ila ilikuwa mkononi, na sikuitupa."

Bwana Mshangama akavuta kiti. Dakika tano zikaisha, hakuna aliyeangalia saa. Waliobaki barazani wakaanza kuchungulia dirishani. Sifuri zikapita, zikapita, na kidole cha Bwana Mshangama kikazidi kushuka, kikiitafuta ile moja.