Punda Aliyelikataa Jua la Asubuhi

Mwaka mmoja wa kipupwe kikali, mti uliangukia chemchemi ya mlimani ukaiziba, na wanyama wote wakalala na kiu. Punda, aliyejivunia mgongo wake kuliko kitu kingine chochote, akaapa kuuondoa mti huo alfajiri.

Alifika umande ukiwa umeganda majanini. Akamkuta Bi Pimbi amejilaza juu ya jiwe, akilingojea jua, kama ilivyo desturi ya pimbi wote, ambao hawaanzi kazi kabla miili haijapata moto.

"Ota jua kwanza, mwanangu," akasema Bi Pimbi. "Mgongo wako bado umelala."

"Jua nawaachia wavivu," akajibu Punda. "Watoto wana kiu."

Akajifunga kamba kifuani, akavuta kwa mkupuo mmoja. Kitu kikamkatika kiunoni. Akaanguka, asiweze hata kugeuza shingo.

Mkewe akaja mbio, akataka kuishika kamba papo hapo. Bi Pimbi akamzuia. Basi mke wa Punda akaota jua huku machozi yakimtoka, akatembeatembea, akajinyoosha mpaka jasho jembamba likamtoka. Ndipo akavuta, polepole, na mti ukasogea. Maji yakabubujika, watoto wakanywa.

Punda aliwasikia wakinywa, naye yu palepale alipoanguka. Jua likampata asubuhi, likampata adhuhuri, likamwacha jioni. Tangu mlima ule uwepo, hakuna mnyama aliyewahi kuota jua muda mrefu namna ile.